Binamu wa muhogo yuko kwenye fensi yako

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia? Nani hapa kwao kuna kisamvu cha mpira kwenye fensi? Aisee, wa Mbagala mmenyoosha mpaka mikono miwili. Ule mti ukiuchimba hupati kitu cha kupeleka Coco Beach kukaanga, sisi tunachuma majani, tunatwanga, tunatia nazi, basi. Ila ule ni binamu wa porini wa muhogo, wote asili yao Brazili, wote wana kromosomu 36 (vile vifurushi vya urithi ndani ya seli), ndo maana wanaweza kuzaa pamoja. Huku Wajerumani waliupanda wakitaka utomvu wa kutengenezea mpira.

Sasa muhogo wenyewe, wale watu wa Amazon walioufuga maelfu ya miaka iliyopita walikuwa wanaangalia hasa mzizi, unono wake, halafu unakata pingili unapanda, unakata tena unapanda, kwa hiyo shamba zima unaweza kukuta ni mmea mmoja umejirudia, ugonjwa ukimpata mmoja umewapata wote. Ule ugonjwa wa batobato uliripotiwa hapa hapa kwetu mwaka 1894, virusi wanabebwa na nzi weupe, majani yanajikunja, mavuno hamna.

Miaka ya 1930 pale kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, watafiti Storey na Nichols wakachanganya muhogo na huo mpira. Watoto wa kwanza walihimili ugonjwa vizuri ila mizizi, mh, kama kuni. Unafanyaje? Unawarudisha kwa muhogo. Damu ya mpira ilikuwa nusu, inakuwa robo, ukirudia thumuni, yaani moja ya nane (wazee, sio thumuni ya hela hii), mara ya tatu moja ya kumi na sita. Na kila raundi unawaacha waugue, unabakiza waliosimama, maana ukichagua kwa unono peke yake zile jeni za kuhimili zinakuponyoka hivi hivi unaona. Hiyo ni kazi ya miaka, bwana, muhogo hauna haraka.

Mbegu za Amani zilifika mpaka Nigeria. Kusini mwa Tanzania huko wana muhogo unaitwa Namikonga, unavumilia ugonjwa mwingine, wa michirizi ya kahawia, na ukifuata ukoo wake unatokea Amani. Mwaka 2016 watafiti waliosoma jinomu (urithi wote) za mihogo ya Afrika wakakuta vipande vya yule binamu bado vimo.

Jirani yangu juzi kaung'oa wa kwake, anajenga ukuta wa tofali.