Kamera Kambini: Timu za Ligi Kuu Zilazimishwe?

NEEMA: Kamwene msikilizaji! Tupo Mbeya mjini kama kawaida. Mimi ni Neema, mwana Iringa niliyehamia huku, ila mapenzi yangu kwa timu yetu ya Lipuli hayajahama. Niko na kaka yangu Gwamaka.

GWAMAKA: Ndaga fijo, dada. Leo nina hoja, na naomba unisikilize kabla hujanirukia. Nataka timu za Ligi Kuu zilazimishwe kupokea kamera kambini. Sisemi ziombwe. Ziandikiwe kwenye kanuni za ligi, kama zilivyoandikiwa mambo ya jezi na uwanja.

NEEMA: Mechi si tunaziona zote? Azam TV walisaini mkataba wa miaka 10 mwaka 2021, shilingi bilioni 225.6. Unataka nini tena?

GWAMAKA: Mechi ni dakika tisini. Mimi nataka ile wiki nzima kabla ya mechi. Mazoezi, safari, kikao cha benchi la ufundi, kocha akimwita mtu pembeni kumwambia Jumamosi hachezi. Wamarekani wanacho kipindi cha namna hiyo kwenye NFL, ligi ya ule mpira wao wa Kimarekani, kinaitwa Hard Knocks, kipo HBO tangu 2001. Walianza na Baltimore Ravens. Kamera zinaingia kwenye kambi ya maandalizi ya msimu, na kila wiki inatoka sehemu mpya wakati kambi bado inaendelea. Wapigapicha ni NFL Films, kampuni ya ligi yenyewe.

NEEMA: Na timu zilikuwa zinaingia kwa hiari.

GWAMAKA: Kwa hiari, na hiyo hiari ndiyo iliyoleta shida. Timu zikawa zinakwepa. Cincinnati Bengals walikubali 2009, na 2013 wakarudi wao tena. Oktoba 2013 wamiliki wa timu wakakaa, wakapiga kura: asipojitokeza mtu, ligi inaruhusiwa kuchagua timu na timu hiyo haina cha kukataa. Wakaweka misamaha, kwa kanuni za wakati ule. Mwenye kocha mkuu mpya anaachwa. Aliyeonyeshwa ndani ya miaka 10 anaachwa. Na aliyefika hatua ya mtoano katika mmoja kati ya misimu miwili iliyopita, naye anaachwa.

NEEMA: Hapo simama kidogo, kaka. Huo wa mwisho ndio ninaoutaka mimi.

GWAMAKA: Najua unakokwenda.

NEEMA: Acha nifike. Kwa kanuni hiyo, aliyefanya vizuri analindwa, na aliyeboronga ndiye anayelazimishwa. Ilete hapa nyumbani. Simba na Yanga hawatalazimishwa hata siku moja, kwa sababu nafasi za juu ni zao karibu kila msimu. Watakaoingiziwa kamera ni akina Tanzania Prisons. Ni Mbeya City, walioshuka 2022/23 wakarudi msimu wa 2025/26. Ni timu zetu hizi za nyanda za juu, ambazo kila mwaka zinamaliza zikihesabu pointi za kubaki. Mtu anapigania asishuke daraja, halafu unamwongezea mwanga wa kamera usoni. Mimi hilo naliona ni uonevu, na nalisema kwa uchungu.

GWAMAKA: Sawa, msamaha huo tuufute. Kwetu iwe zamu: timu zote, kubwa kwa ndogo, zinazunguka. Ila na wewe usilikimbie hili. Tarehe 29 Novemba 2022, kule Ubaruku, Mbarali, Ihefu waliifunga Yanga 2–1. Yanga walikuwa wamecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa. Arobaini na tisa, dada! Nchi nzima ilisimama. Sasa niambie, kocha aliwaambia nini wale vijana wakati wa mapumziko? Usiku wake kambi ilikuwaje? Hatuna. Na mwaka 2024 timu yenyewe ikahamia Singida, leo inaitwa Singida Black Stars. Mbarali wamebaki na matokeo tu.

NEEMA: Hilo ni kweli.

GWAMAKA: Rudi nyuma zaidi. Tukuyu Stars, mabingwa wa nchi 1986, timu ya Rungwe! Watoto wa leo pale Tukuyu wanasimuliwa na wazee. Mbeya City 2013/14, wamepanda daraja tu, wanamaliza nafasi ya tatu chini ya Juma Mwambusi, uwanja wa Sokoine unajaa mpaka watu wanapanda miti. Ile ilikuwa filamu nzima. Aliyeipiga nani? Tukiendelea kungoja hiari, historia yetu itaendelea kubaki midomoni mwa watu, na hao watu wanazeeka.

NEEMA: Umenigusa, sitakataa. Lipuli walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Juni 2019, pale Ilulu, Lindi. Wakafungwa na Azam FC bao moja kwa bila. Msimu uliofuata wakashuka daraja. Kutoka fainali mpaka kushuka, mwaka mmoja! Ningetoa chochote nione kilichotokea ndani. Lakini, kaka, Sunderland kule Uingereza yaliwakuta hayo hayo msimu wa 2017/18. Wametoka kushuka Ligi Kuu, kamera zikaingia wakidhani zitapiga safari ya kurudi juu, wakashuka tena. Watu dunia nzima walikiangalia kipindi kile na kulia nao. Klabu ndiyo iliyofungua mlango. Wrexham vilevile, wenye timu wenyewe ndio wenye kipindi. Kwa nini wewe uanze na lazima?

GWAMAKA: Kwa sababu hapa kwetu ukibisha hodi unaambiwa "rudi wiki ijayo" mpaka ligi inaisha.

NEEMA: Basi tuwaangalie hao waliolazimishwa. New York Jets, 2023. Mwaka huo timu nne tu ndizo zilizokuwa hazina msamaha: Jets, Chicago Bears, New Orleans Saints na Washington Commanders. Jets ndio kwanza walikuwa wamempata Aaron Rodgers, nyota mkubwa. Kocha wao, Robert Saleh, alikuwa ameshasema hadharani kwamba hawakitaki kipindi. Wakachaguliwa wao. Rodgers mwenyewe hakuficha, alisema wazi wamelazimishwa.

GWAMAKA: Na kipindi kikapendwa.

NEEMA: Kikapendwa, ndiyo. Mimi siulizi kama sisi watazamaji tulifurahi. Nauliza nani alilipia furaha yetu. Wewe umekitazama kipindi hicho, unaijua ile sehemu ya mwisho wa kambi.

GWAMAKA: Ya kutemwa.

NEEMA: Isimulie, maana wengine hawajaiona.

GWAMAKA: Iko hivi. NFL wanaingia kambini na wachezaji 90, na msimu unapoanza wanatakiwa wabaki 53. Kwa hiyo kila timu inatema watu 37, wengi wao ndani ya siku chache. Mchezaji yuko chumba cha kubadilishia nguo, anafunga viatu. Anatokea mtu wa ofisini, anamgusa bega, anamwambia kwa sauti ya chini: kocha anakuita, na uje na kitabu chako cha mbinu. Akishasikia habari ya kitabu, ameelewa, maana kitabu kinarudishwa. Kamera inamfuata kwenye korido. Inaingia naye ofisini. Anakaa, anaambiwa umejitahidi sana lakini nafasi hakuna. Wengine wanasema asante kocha, wanapeana mikono. Wengine wanashindwa hata kusema. Halafu unamwona anabeba mizigo yake kwenda kwenye gari.

NEEMA: Miaka ishirini na mbili, ishirini na tatu. Nyumbani wanamtegemea. Hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote maishani mwake, na inauzwa. Ile kura ya 2013 waliipiga wamiliki. Mchezaji hakupiga kura. Mkataba wake unasema ligi inaruhusiwa kutumia sura yake, basi. Tunaposema "timu imelazimishwa", tunaona kama jengo ndilo limelazimishwa. Mwenye timu anaweza kufunga mlango wa ofisi yake. Yule kijana wa mwisho kwenye orodha hana mlango.

GWAMAKA: Mwenye timu naye anaumbuka wakati mwingine. New York Giants, 2024, kamera ziliwekwa mpaka ofisini kipindi cha usajili. Mmiliki, John Mara, anaonekana akimwambia meneja wake mkuu kwamba atapata tabu kulala kama Saquon Barkley, nyota wao, ataenda kwa wapinzani wao Philadelphia. Barkley akaenda Philadelphia! Akakimbia na mpira yadi 2,005 msimu huo, akachukua na Super Bowl, ubingwa wa NFL. Dunia nzima ina ushahidi kwamba mmiliki aliliona mapema. Mimi nataka viongozi wetu nao waonekane hivyo. Anayesajili wachezaji kumi na watano dirisha dogo na kuacha kumi na wawili, tumwone anavyoamua.

NEEMA: Hapo tuko pamoja, viongozi waonekane. Ila utawaonaje? Kule Marekani klabu inapewa sehemu ya kipindi iipitie kabla haijarushwa, isije ikatoka siri ya mbinu. Sasa chukua timu ya kwetu, sitaji jina, ambayo mishahara imelala miezi. Kambini wachezaji wanaongea hilo asubuhi, mchana na usiku. Kamera inarekodi. Uongozi unapitia. Unadhani hiyo sehemu itabaki?

GWAMAKA: Itakatwa.

NEEMA: Itakatwa, na aliyeongea ataonekana mkorofi, mwezi ujao yuko jukwaani na nguo za kiraia. Ndiyo maana nasema ukilazimisha unapata kambi iliyovaa nguo za sikukuu. Basi safi, kocha anatabasamu, wachezaji wanaimba. Ule usiku wa mlima Kitonga, basi limekwama nyuma ya malori, watu wana njaa, Dar bado mbali na mechi ni kesho, hutauona.

GWAMAKA: Mbeya mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 800, dada, na kuna timu zinaipiga hiyo kwa basi. Hilo peke yake lingewafanya watu waache kuwatukana wachezaji wakifungwa ugenini. Shabiki wa pale Mwanjelwa anaona jamaa kazembea dakika ya sabini. Hajui ameshuka garini saa ngapi. Kwa kweli ndiyo sababu kubwa ninaitaka hii kamera.

NEEMA: Nakuelewa. Na Prisons utaingiaje? Ile ni timu ya Jeshi la Magereza. Huwezi kuingia na kamera kwenye eneo la jeshi kwa kanuni ya ligi ya mpira.

GWAMAKA: Mazoezini na safarini. Kwingine ruhusa iombwe kwa wenyewe.

NEEMA: Na chumba cha daktari? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Taarifa za afya za mtu ni taarifa nyeti, zinataka ridhaa yake. Goti la mchezaji ndiyo kazi yake. Klabu nyingine ikiliona kwenye televisheni, nani atamsajili?

GWAMAKA: Hapo nakubali bila ubishi. Chumba cha daktari hapana. Na ile ya kutemwa, hapana. Nimekuwa nikiipenda kama mtazamaji, lakini nikimfikiria kijana wa Uyole anarushwa hivyo na mama yake anaangalia... hapana. Tubaki hivi: klabu inalazimishwa, mchezaji anaombwa. Mazoezi, safari, vikao vya uongozi ni lazima. Mchezaji kuvalishwa kinasa sauti, kufuatwa chumbani, kwenda nyumbani kwao, mpaka asaini mwenyewe. Na fedha ya kipindi sehemu yake iende kwa wachezaji moja kwa moja, isipite kwenye akaunti ya klabu.

NEEMA: Asaini lini?

GWAMAKA: Anaposajiliwa, pamoja na mkataba.

NEEMA: Hapana, kaka! Siku ya kusajiliwa ndiyo siku ambayo mchezaji hana nguvu kabisa. Ametoka ligi ya mkoa, mbele yake kuna kalamu na ndoto. Utamwekea karatasi ya kamera na atasaini hata bila kusoma. Hiyo ridhaa ni ya jina tu.

GWAMAKA: Basi dirisha la usajili likishafungwa. Jina lake limeshaingia kwenye kikosi cha msimu, hawezi kuachwa kwa sababu amekataa kamera. Na asaini mbele ya SPUTANZA, chama cha wachezaji, meneja wa timu asiwepo.

NEEMA: Hapo umenisogeza. Kuachwa hawezi, lakini benchi je? Kocha hatakiwi kueleza kwa nini hakukupanga.

GWAMAKA: Hilo la benchi sina dawa yake. Labda majina ya waliokataa yasifike kwa kocha, wabaki nayo SPUTANZA na wapigapicha tu.

NEEMA: Kambi ya watu ishirini na tano, kocha ataona tu kamera inamkwepa nani. Hili tuwaulize waliokaa kambini. Kama umewahi kucheza, iwe Sokoine hapa Mbeya, iwe uwanja wa Samora kule Iringa, iwe daraja la kwanza, tutumie ujumbe wa sauti. Jina lako hatutalitaja. Tuambie: ungepewa hiyo karatasi baada ya dirisha kufungwa, ungeweza kukataa?

GWAMAKA: Na kama ungekubali, sema ungetaka tuone nini ambacho hatukijui. Tutazisikiliza zote, na kipindi kijacho tutaanza na hizo.