Mgonjwa Akisema Unawaka, Andika Unawaka

Wanangu, narudia niliyoyasema mwaka jana na mwaka juzi, kwa sababu mafaili bado nayasoma. Mgonjwa anasema, "Mguu unawaka moto." Kwenye faili naona: "maumivu ya mguu". Moto umekwenda wapi?

Chukueni pilipili kichaa. Umeikatia kachumbari, mikono umenawa, baadaye kidogo unafikicha jicho. Unasikia moto! Pima hilo jicho, joto lake halikupanda. Basi moto umetoka wapi?

Swali hilo ndilo lililomshika mtafiti David Julius kule San Francisco miaka ya 1990. Ilishajulikana kwamba ukali wa pilipili ni kapsaisini, na kwamba kapsaisini inachokoza neva za maumivu. Inapitia mlango gani, hakuna aliyejua. Yeye na wenzake, Michael Caterina akiwa mbele, wakakusanya jeni zinazofanya kazi katika neva hizo, maelfu kwa maelfu, wakazitia kwa mafungu ndani ya seli ambazo pilipili haizishtui. Wakazimwagia kapsaisini, wakatazama kwa darubini ni zipi zitang'aa. Seli iking'aa, kalsiamu imeingia, mlango umefunguka. Fungu moja likang'aa. Wakaligawa, wakaligawa tena, hadi ikabaki jeni moja, ile inayoutengeneza mlango wenyewe. Mwaka 1997 wakaitangaza. Leo mlango huo tunauita TRPV1.

Sasa hapa ndipo ninapopataka. Mlango uleule, bila pilipili yoyote, hufunguka joto likifika nyuzi 43 hivi. Pilipili na moto, mlango mmoja, na ubongo unapelekewa habari ileile. Bibi zetu husema pilipili inawasha, na jiko nalo huwashwa. Hawakuwa wanapamba maneno.

Kuna atakayeniambia, "Mwalimu, mgonjwa wangu hajala pilipili wala hajakanyaga kaa." Najua. Lakini penye jeraha au uvimbe, mlango huo hulegea, ukafunguka kwa joto dogo kabisa. Mama akikwambia maji ya kuoga yanamchoma, nawe umeyapima kwa kiwiko ukaona ni ya vuguvugu, usimbishie. Kiwiko chako hakina uvimbe. Na neva iliyoharibika, kama ya mwenye kisukari, hupiga kelele za moto bila moto wowote. Kelele hizo mgonjwa anazisikia kweli.

Muda unanibana. Kuku hula pilipili bila kujali kwa sababu mlango wake hauitambui kapsaisini. Dawa za kuuziba mlango zilijaribiwa kwa watu, baadhi wakapanda homa, maana mlango huo unashiriki pia kulinda joto la mwili. Kapsaisini yenyewe, ikiwekwa nyingi kwenye plasta, huzimisha neva kwa muda, na hutuliza maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi. Nobeli ya 2021, Julius na Ardem Patapoutian, huyu kwa milango ya mguso. Hiyo tuiweke wiki ijayo.

Kesho saa mbili tuko wodini. Kila mmoja aje na faili moja, na maneno ya mgonjwa yaandikwe kama alivyoyatamka.