Kijana wa Nyalenda, hiyo saksofoni usirudishe bado

Sasa watu wangu, mko aje huko Kisumu, Kondele, Manyatta, na nyinyi wa Kakamega na Busia pia nawaona kwa komenti, asanteni sana. Leo niko Brussels, hapa nyuma ni Matonge, mtaa wa Wakongo, na hiyo rumba mnasikia inatoka kwa kinyozi hapo, si mimi nimeweka.

Nimetoka kazini moja kwa moja sijabadilisha hata nguo, juu kuna kijana wa Nyalenda ameniandikia juzi na tangu nisome sijatulia. Anapuliza saksofoni kwa bendi ya kanisa, si yake, ya kuazima, na kwao wamemwambia airudishe atafute kozi ya maana kwa vile mtihani wa kidato cha nne haukuenda vizuri. Ananiuliza, Anti, kuna Mwafrika kama sisi ameshawahi kula kwa hii kitu?

Yuko, mdogo wangu. Anaitwa Manu Dibango.

Alizaliwa Douala, Kameruni, mwaka wa 1933. 1949 akiwa na miaka 15 wazazi wakampandisha meli kwenda kusoma Ufaransa, safari ya wiki tatu, na kwa mzigo wake kulikuwa na kilo tatu za kahawa. Hiyo kahawa ndiyo ilikuwa karo ya muhula wa kwanza, ya kumpa familia iliyompokea. Mimi nikisikia hiyo stori nakumbuka vile mama alinifungia omena ya Kibuye na unga wa wimbi, akafunga na leso mara mbili, akaniambia ukifika usiende kwa mtu mikono mitupu.

Saksofoni ya kwanza kushika ilikuwa ya kuazima kwa rafiki. Umesikia hapo? Ya kuazima kama yako. Mtu aliyemfundisha jazi ni Mkameruni mwenzake, Francis Bebey, wakaunda kabendi kao wakawa wanacheza nyimbo za Mmarekani Duke Ellington. Sasa akazama huko kwa muziki mpaka mtihani wa mwisho wa sekondari ukamwangusha, na mzee wake akaacha kumtumia pesa, hiyo ni 1956. Akavuka akaja huku Ubelgiji kupiga kwa vilabu usiku, leo hapa kesho pale, na miaka inaenda.

Hapa ndipo mimi napenda kuliko zile sehemu watu husimulia. Mwaka wa 1960 viongozi wa Kongo wanakuja Brussels kwa mkutano wa kujadili uhuru, na Joseph Kabasele na bendi yake African Jazz wanakuja nao, ndio hao wa Indépendance Cha Cha ambayo hata guka wako anaijua. Manu alikuwa anaongoza bendi kwa klabu moja hapa, Les Anges Noirs, wakakutana, wakarekodi pamoja, na 1961 akawafuata mpaka Léopoldville, Kinshasa ya leo. Mtu ametoka Afrika kijana mdogo, amejua jazi ya Wamarekani akiwa Ufaransa, halafu rumba inamkuta kwa baridi ya Brussels na kumrudisha nyumbani! Sisi wa Kisumu tumelelewa na rumba, Jumapili mchana redio ya mzee iko juu, nguo ziko kwa kamba, na mimi nikiskia tarumbeta ya Mkongo ikiingia nilikuwa nawacha kuosha vyombo. Kwangu hiyo miaka ya Léopoldville ndiyo ilimfanya Manu, sio ile hiti.

Lakini hiti ilikuja, 1972. Kameruni ilikuwa mwenyeji wa Kombe la Afrika, Manu akaombwa wimbo wa mashindano, akautunga, na upande wa pili wa santuri akaweka Soul Makossa, ngoma ya kwao Douala lakini na saksofoni na besi ya Kimarekani. Kameruni ikatolewa nusu fainali na wimbo wa mpira ukasahaulika. Ule wa upande wa pili ukafika New York, DJ David Mancuso akaupiga, redio ikaushika, santuri zikawa hazipatikani mpaka bendi zingine zikarekodi matoleo yao, na 1973 ukaingia namba 35 kwa chati ya Billboard. Kutoka kahawa mpaka hapo ni miaka 24. Kwa hivyo nyinyi mnaoniuliza kwa inbox eti mimi nimekaa majuu miaka saba nimeleta nini, hesabuni tena.

Na 1982 Michael Jackson akachukua ile "mamako mamasa" ya Soul Makossa akaiweka kwa wimbo wake bila kuuliza. Manu akaenda kudai na wakamalizana kwa malipo nje ya korti. Ukitunga kitu sajili jina lako mapema, tafadhali.

Alifariki 24 Machi 2020, corona, huko Ufaransa, miaka 86. Nililia, nilikuwa zamu ya usiku.

Sasa kijana, hiyo saksofoni usirudishe wiki hii. Nipe namba ya mama kwa inbox, sio kwa komenti, mimi nitamwongelesha pole pole kama dada yake. Na unitumie klipu ukipuliza, usikate pahali umekosea, nataka kusikia yote.