Kumwagilia monstera kwenye baridi ya Mbeya

Karibuni tena jamani, na poleni na baridi kwa mlio huku kwetu. Ni Julai, saa nne asubuhi, niko Mbeya mjini, na nimesubiri makusudi jua lipande kidogo kabla ya kuwasha kamera. Sababu nitaifikia. Leo tunamwagilia monstera, lile ua la majani makubwa yaliyotobokatoboka ambalo siku hizi unalikuta sebuleni, saluni, mapokezi, kila mahali. Mbolea na kuhamisha chungu tunaviacha. Ni maji peke yake, kwa sababu kwa ninavyoona mimi, maua mengi ya ndani ukanda huu hayafi kwa kiu. Yanakufa yakiwa yamelowa.

Swali linalokuja kila mara ni "nimwagilie mara ngapi kwa wiki?" Mtu wa Dar es Salaam atakwambia mara moja au mbili, na kwake inawezekana yuko sahihi, maana kule joto ni la usiku na mchana. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Sasa monstera kwao ni misitu yenye joto, kuanzia kusini mwa Mexico mpaka Panama. Ikipata chini ya nyuzi 15 inapunguza kukua, karibu inasimama, na mmea uliosimama unakunywa kidogo sana. Wala huhitaji kwenda mpaka Dar. Teremka Kyela tu, karibu na Ziwa Nyasa, kwenye mita 500 hivi: ua hilihili kwenye ndoo hiihii litataka maji mapema kuliko la huku. Kwa hiyo ratiba ya mtu mwingine muachie mwenyewe. Na ninyi wa Njombe na Makete ndiyo kabisa, miezi hii mnaweza kupitisha hata wiki tatu hamjashika jagi.

Tunaanza kwa kupima udongo. Wengi tumefundishwa kuzamisha kidole mpaka kiungo cha pili, ukikuta pakavu unamwagilia. Kidole ni kizuri, ila kwenye baridi kinadanganya. Udongo wa baridi ukiugusa unauona kama umelowa hata kama umekauka, kama nguo uliyoianua jioni kwenye kamba, hujui ni mbichi au ni ubaridi tu. Ndiyo maana mimi natumia kijiti cha mshikaki.

Nakichomeka hapa pembeni, mbali na shina, nakisukuma taratibu mpaka kigote chini ya ndoo. Kikikutana na mzizi usilazimishe, chomoa uhamie pengine. Tunakiacha dakika tano. Haya, nakichomoa, nasogeza karibu mwone. Huku juu, kama upana wa vidole vitatu, kijiti ni kikavu, rangi yake iko vilevile. Kuanzia hapa kushuka chini kimekolea rangi, na chembe za udongo zimekiganda. Maana yake hili halipewi maji leo, hata kama juu panaonekana pakavu mpaka pamepasuka. Ndoo ya pili hii hapa: kijiti kimetoka kikavu zaidi ya nusu, unyevu uko kidogo tu huku mwishoni. Hili ndilo tunalimwagilia.

Kabla ya maji, linyanyue kwanza. Sikia uzito wake likiwa kavu, kisha tukimaliza utalinyanyua tena. Ukifanya hivyo kwa muda, mkono unazoea na kijiti unakiweka pembeni.

Halafu angalia chini. Hii ilikuwa ndoo ya rangi ya lita 4, imetobolewa kwa msumari wa moto, matobo sita, kila moja kidole kidogo kinaingia. Kama chungu chako hakina tobo, weka jagi chini kabisa, katoboe kwanza. Na vile vyungu vya urembo vya nje, vya kung'aa, vingi havina tobo. Ua linakaa ndani ya ndoo yake, ndoo inakaa ndani ya urembo, maji yanajikusanya huko chini wewe huyaoni. Wakati wa kumwagilia, litoe humo.

Hapo kuna jambo linalonikera kidogo: kokoto. Watu wanajaza kokoto chini ya chungu wakiamini maji yatapita vizuri zaidi. Yanapita vibaya zaidi. Udongo wenye chembe ndogo hauachii maji kirahisi kwenda kwenye kokoto zenye nafasi kubwa, unayashikilia hapo zinapokutana mpaka ulowe kabisa ndipo yadondoke. Kwa hiyo ile tabaka ya udongo uliolowa, ambayo ingekaa chini kabisa ya chungu, umeipandisha juu, karibu na mizizi. Unachotakiwa ni kuupa hewa udongo wote: changanya humohumo chenga za mkaa, pumba za mpunga, au yale mawe mepesi ya volkano yanayopatikana upande wa Rungwe, yapondwe yawe madogo kama punje za mahindi. Monstera porini hupanda miti, na sehemu ya mizizi yake inaning'inia hewani kabisa. Ukiizamisha kwenye tope inakosa pumzi.

Sasa maji yenyewe. Maji ya bomba alfajiri ya Julai yanakata vidole, na mizizi ya ua la joto haiyapendi. Mimi nayachota jana yake jioni, nayaacha wazi ndani ya nyumba. Yakikaa usiku kucha yanalingana na hali ya chumba, na ile harufu ya klorini, kama ipo, inapungua. Ukiwa na haraka, ongeza maji ya moto kidogo kutoka kwenye chupa ya chai, ujaribu kwa mkono: yawe ya kawaida, yasiwe ya kuoga.

Na sababu ya saa nne ni hiyohiyo. Ukimwagilia jioni msimu huu, udongo uliolowa unakesha kwenye baridi. Asubuhi unaupa mchana mzima.

Namwaga taratibu, nazungusha jagi uso wote wa udongo, siyo sehemu moja tu. Nasimama kidogo yazame. Naongeza. Bado. Naongeza tena, mpaka... hayo, yameanza kutoka chini. Ndoo hii imekunywa kama lita moja. Usiogope wingi. Watu wakisikia maji yanaua wanaanza kutoa nusu kikombe kila siku, na hiyo ni mbaya pande zote mbili: juu panalowa muda wote, chini mizizi inakauka. Mpe anywe ashibe, kisha mwache mpaka kijiti kiseme.

Lakini maji yakitoka chini papo hapo, kabla hujamaliza hata kikombe, usidhani limeshiba. Udongo uliokauka sana unajikunja, unaachana na kuta za chungu, na maji yanapita kwenye ufa huo bila kugusa kitu. Chukua beseni, weka maji yafike nusu ya chungu, litumbukize kama nusu saa linyonye lenyewe kutoka chini.

Tukishamaliza, linachuruzika robo saa, halafu nalirudisha kwenye sahani yake. Maji yakitokea tena sahanini, yamwagwe.

Mtego mkubwa ni majani kulegea. Ua lenye kiu linalegea, na ua lililooza mizizi nalo linalegea, kwa sababu mizizi iliyooza haiwezi kunyonya hata ikizungukwa na maji. Mtu anaona limelegea, anakimbilia jagi, anamaliza kazi. Limelegea na udongo umelowa? Weka jagi chini, litoe kwenye chungu uangalie mizizi. Mizima ni migumu, myeupe au ya rangi ya maziwa. Iliyooza ni ya kahawia, ina harufu, na ukiivuta hivi kwa vidole ganda linavuka kama soksi, unabaki na uzi mwembamba. Hiyo yote ikatwe kwa mkasi safi, upande upya kwenye udongo mpya. Ukikata, nawa mikono, na vipande visiachwe chini kama kuna watoto, maana utomvu wake unawasha mdomo na koo.

Ukiona vijinzi vidogo vyeusi vinarukaruka juu ya udongo, hiyo nayo ni taarifa. Mabuu yao yanaishi kwenye udongo wa juu uliolowa muda mrefu. Acha ukauke vizuri kati ya maji na maji, wengi watapungua.

Halafu wale mnaoingiza jiko la mkaa sebuleni jioni: usilale nalo ndani, hilo ni kwa ajili yako kabla ya ua. Kwa ua, lisogeze mbali, moto wa karibu unaunguza majani.

Kuanzia Septemba joto likirudi, utaona kijiti kinatoka kikavu haraka zaidi, basi na wewe ongeza kasi. Majani yanakuwa na vumbi la kiangazi, yafute kwa kitambaa chenye maji, mbele na nyuma. Mvua zikianza, kinga maji ya bati, ila mvua ya kwanza iache ipite ioshe vumbi. Na msimu huo, ukiamka ukakuta matone yananing'inia kwenye ncha za majani na sakafu ina maji, bati halivuji. Usiku mizizi imevuta maji mengi kuliko majani yanavyoweza kuyapoteza, yakatokea kwenye ncha. Futa sakafu, na siku hiyo usimwagilie.