Kijana wa Lille na Mapipa ya Baba Yake

Ndugu zangu, habari za Louis Pasteur mmezisikia tangu shuleni. Leo naomba tumtazame mwanafunzi wake, Émile Bigo, maana yeye ndiye aliyekuwa daraja.

Ni kiangazi cha mwaka 1856, mjini Lille, kaskazini mwa Ufaransa. Mzee Bigo ana kiwanda cha kukeneka spiriti kutokana na viazisukari. Mwaka ule mambo yamemwendea mrama, yeye na wenzake: juisi ya pipa hili inachacha vizuri, ya pipa la pili inaharibika na spiriti haipatikani. Hasara tupu. Mwanawe anasoma katika Kitivo cha Sayansi, ambako Pasteur ni mkuu tangu 1854. Basi baba akamwendea mwalimu wa mwanawe.

Hebu tusimame hapo kidogo. Nani humfungulia mgeni ghala lake siku mali inapomwozea? Pasteur alikuwa na miaka 33, mkemia aliyejulikana kwa utafiti wa fuwele, yaani punje ngumu kama zile za chumvi au sukari. Sifa za fuwele zingemfaa nini Mzee Bigo? Kilichompa Pasteur njia ya kuingia, naamini kabisa, ni kwamba mtoto wa nyumba ile alikuwa akikaa darasani kwake. Tena mwalimu huyu alikuwa na desturi ya kuwapeleka wanafunzi viwandani wakajionee kazi.

Alipoingia hakutoka. Mkewe, Marie, alimwandikia baba mkwe kwamba Louis amezama hadi shingoni katika juisi ya viazisukari, anashinda kiwandani. Vifaa vyake vilikuwa duni: hadubini ya wanafunzi na jiko la makaa ya koki. Anachota juisi, anadondosha tone juu ya kioo, anainama kutazama. Juisi inayochacha vizuri ina chembe za mviringo. Ikianza kuharibika, chembe zinarefuka. Ikishashikwa na asidi ya laktiki, ile ya maziwa yaliyoganda, chembe ni ndefu kabisa.

Agosti 1857, mbele ya jumuiya ya wanasayansi ya Lille, Pasteur alisoma andiko lake kuhusu uchachushaji wa laktiki. Mwaka huohuo akahamia Paris.

Habari ya chembe zile tunayo kwa sababu Émile aliisimulia baadaye. Alisema kwamba kwa njia hiyo nyepesi waliweza kufuata hali ya kila pipa, wakaepuka hasara zilizokuwa zikiwakuta mara kwa mara.