Gari Hushinda Mbio, Dereva Humshinda Mwenzake

(Mhadhara uliotolewa Mombasa, kama ulivyosemwa)

Asalamu alaikum, na hamjambo nyote. Mwenyekiti amenipa muda mfupi na swali refu, swali ambalo limekorofisha watu wengi barazani hapa Mombasa: kwenye mbio za magari, anayeshinda ni dereva au ni gari? Naona vijana wa Subaru wamejaza viti vya nyuma. Karibuni, wanangu, ila leo huenda msifurahi.

Jibu langu nalitoa mapema. Gari ndilo hushinda mbio. Kipaji cha dereva kina kipimo kimoja tu cha haki, nacho ni mwenzake wa timu anayeendesha gari lile lile, siku ile ile, kwenye njia ile ile. Vipimo vingine ni ushabiki, na ushabiki ni mtamu, siukatazi.

Mtazameni Jenson Button. Mwaka 2008 aliendesha Honda katika langalanga, yaani Formula 1, na msimu mzima akaambulia pointi 3. Desemba Honda wakatangaza kuondoka mchezoni. Ross Brawn akaichukua timu, ikafungwa injini ya Mercedes, na chini ya sakafu ya gari, upande wa nyuma, kukawa na njia ya hewa ya tabaka mbili iliyoligandisha gari barabarani. Msimu wa 2009 ukaanza, Button akashinda mbio 6 kati ya 7 za mwanzo, na mwisho wa mwaka akawa bingwa wa dunia. Sasa niambieni, alijifunza kuendesha wakati wa Krismasi? Mikono ni ile ile. Kilichobadilika ni kile alichokikalia.

Mnaweza kusema huo ni mfano mmoja. Haya, njooni Bahrain, Desemba 2020. Lewis Hamilton amepatikana na Korona, Mercedes wanahitaji mtu haraka. Wanamwazima George Russell kutoka Williams, timu iliyokuwa ikiburura mkia, ambako hakuwa amepata hata pointi moja. Kijana ni mrefu, gari limemkaza mpaka ikabidi avae viatu vidogo kuliko mguu wake. Siku ya kupanga nafasi, akawa wa pili, nyuma ya Valtteri Bottas kwa sekunde 0.026. Mbio zilipoanza akampita Bottas na kuongoza. Hakushinda: mafundi walimfungia tairi zisizokuwa zake, kisha nyingine ikapata pancha, akamaliza wa tisa.

Watu huutumia mkasa huu kusema kwamba gari ndilo kila kitu, na kweli, gari lilimtoa mkiani likamweka mbele kwa wiki moja. Lakini Bottas alikuwa katika msimu wake wa nne na timu ile, na mgeni mwenye viatu vya kubana akampita. Hapo ndipo nilipomwona Russell kwa mara ya kwanza. Alipokuwa Williams sikuweza kumwona, na wala ninyi hamkumwona.

Mwaka 2023 Red Bull walishinda mbio 21 kati ya 22. Max Verstappen alichukua 19, Sergio Pérez 2. Kwa pointi, Verstappen 575, Pérez 285. Anayesema ule ulikuwa ushindi wa gari hakosei, maana Pérez mwenyewe alimaliza wa pili duniani. Ila gari hilo hilo, likiwa na mtu mwingine ndani, lilileta nusu tu ya mavuno. Mwaka uliofuata makali yalipungua, Red Bull wakamaliza wa tatu katika ubingwa wa timu. Verstappen bado akawa bingwa, Pérez akaporomoka hadi nafasi ya nane.

Kuna hoja inayonisumbua hapa, na ni haki niitoe. Gari la langalanga halianguki kutoka mbinguni. Hutengenezwa, na msimu ukisonga hurekebishwa, na mara nyingi hurekebishwa kumfuata yule anayeshinda. Kwa hiyo kipaji cha dereva mmoja kinaweza kugeuka kuwa tabu ya mwenzake. Tena madereva bora huvutwa kwenye magari bora. Juan Manuel Fangio alichukua ubingwa mara tano, akiwa na Alfa Romeo, Maserati, Mercedes na Ferrari. Tutasema alibahatika magari manne, au alikuwa na pua ya kunusa pa kwenda? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield walijaribu kutenganisha mambo haya kwa hesabu, wakachapisha mwaka 2016. Timu ilibeba takriban asilimia 86 ya tofauti za matokeo, dereva iliyobaki, na kileleni mwa orodha ya madereva wakamweka Fangio. Waliona pia kwamba mvua ikinyesha, au mbio zikifanyika kwenye barabara za mjini, uzito wa timu hupungua.

Hilo la mvua linanirudisha nyumbani, kwa sababu Safari Rally ile ya zamani ilikuwa mvua na matope ya Pasaka. Kilomita elfu kadhaa, usiku na mchana, na miaka mingine njia ilishuka mpaka huku kwetu Pwani. Mwaka 1963 walimaliza 7 tu. Mwaka 1968 tena, 7 tu. Katika mashindano ya namna hiyo, kasi ya gari ni kitu kimoja, na gari kufika ni kitu kingine kabisa.

Joginder Singh, Simba wa Kenya, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwisha tumika, gari ambalo wengine walikuwa wamelimaliza hamu. Akarudi kushinda 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Alishiriki Safari 22, akamaliza 19. Hiyo 19 ndiyo namba ninayoipenda kuliko ushindi wenyewe. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Alilisikiliza gari, akajua lini la kulikamua na lini la kulihurumia. Hicho nacho ni kipaji, ingawa saa ya kupimia kasi haikionyeshi.

Na kipimo changu cha mwenzake wa timu? Kipo. Mwaka 1980 na 1981 Shekhar Mehta alishinda kwa Datsun. Wa pili, miaka yote miwili, alikuwa Rauno Aaltonen, naye kwa Datsun. Aaltonen hakuwa mtu wa kubeza. Alishinda Rally ya Monte Carlo mwaka 1967. Hapa kwetu alimaliza wa pili mara kadhaa na hakushinda hata mara moja. Mehta alishinda mara tano.

Safari ya leo, ya Naivasha, ni kitu kingine. Vumbi lipo, mawe yapo, lakini sehemu za kushindania ni kilomita kati ya 300 na 400 hivi, na kila jioni mafundi wanalipokea gari. Tangu irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 hadi 2025, kila mwaka imeshinda Toyota. Madereva wamebadilika: Ogier, Rovanperä, Evans. Mwaka 2021 Thierry Neuville wa Hyundai alikuwa mbele mpaka siku ya mwisho, shokabsoba ya nyuma ikavunjika, akaenda nyumbani. Waandaaji wenyewe wanakiri nguvu ya gari, ndiyo maana kuna madaraja. Maxine Wahome alishinda daraja la WRC3, la magari yenye nguvu ndogo, mwaka 2022 kwa Ford Fiesta, na hakuna aliyemtaka ashindane kwa saa na Rovanperä. Onkar Rai alimaliza wa saba kwa jumla mwaka 2021 akiwa na Volkswagen Polo, gari la daraja lililo chini ya magari ya timu za viwanda. Mimi huiheshimu ile nafasi ya saba kuliko baadhi ya ushindi.

Basi, naona mkono pale mbele. Mzee wangu anauliza: kama gari ndilo hushinda, mbona Porsche, pamoja na kasi yake yote, haikuwahi kushinda Safari ya zamani?

Swali zuri, na nilitumai hamtaliuliza. Mwaka 1974 Björn Waldegård alimaliza wa pili kwa Porsche 911, nyuma ya Joginder na Lancer yake ya injini ndogo. Mwaka 1978 Porsche ikawa ya pili tena, mikononi mwa Vic Preston Jr, nyuma ya Peugeot 504. Jibu langu ni kwamba gari bora si gari la kasi zaidi. Kwa barabara ile, Peugeot na Lancer ndizo zilizokuwa gari bora, hata kama kwenye lami zingeachwa mbali. Na Waldegård alikuja kushinda kwa Porsche 911, mwaka 2011, katika East African Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani ambayo mara kadhaa yamefika hapa hapa Mombasa. Alikuwa na miaka 68. Ukiniuliza kama hiyo ilikuwa ya mzee au ya gari, nitakuuliza kwanza mwenzake wa timu alimaliza wa ngapi.

Haya, kijana wa Subaru, zamu yako.