Mwaridi wa Manjano Unaotambaa: Namna ya Kuupata Ujae Maua Kuanzia Chini Hadi Juu

Karibuni sana watazamaji. Leo tunapanda mwaridi wa manjano unaotambaa, ule wa kunukia, na tunaupanda kwenye bustani ndogo. Ukuta wenye upana wa mita mbili na nusu unatosha, au uzio, au hata nguzo moja. Mmea huu hauli ardhi. Shina lake linakaa kwenye nusu mita tu ya udongo, na kazi yote iliyobaki inafanyika juu. Nitakwenda hatua kwa hatua, ila kwenye hatua ya kulaza matawi nitakaa muda mrefu zaidi, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapokosa maua. Mti una afya, umerefuka, lakini mawaridi yote yako kileleni na huku chini kumebaki miiba mitupu.

Kwanza, mche. Tafadhali usichague kwa picha peke yake, maana si kila waridi la manjano linanukia. 'Golden Showers', uliotolewa Marekani mwaka 1956, unafika kama mita tatu, una miiba michache na huchanua mfululizo. Harufu yake ni ya wastani, na ua likishafunguka rangi inapauka haraka na kuwa ya malai. Ukitaka harufu iliyokolea, tafuta 'Graham Thomas' wa mwaka 1983 au 'Teasing Georgia' wa mwaka 1998, yote miwili kutoka kwa David Austin, mzalishaji wa mawaridi wa Uingereza. Inanukia kama majani makavu ya chai. Huuzwa pia kama vichaka, lakini ukiiegemeza ukutani inapanda vizuri. Halafu kuna mkongwe, 'Maréchal Niel' wa Ufaransa, wa mwaka 1864. Kwa harufu, mimi nauweka juu ya yote. Maua yake ni mazito na vikonyo ni laini, kwa hiyo yanainama, na ukisimama chini yake unayaona usoni kabisa. Lakini hauvumilii baridi ya kugandisha, na unakua mkubwa, basi uchague kama una joto na una ukuta mrefu. Kwa bustani ndogo, soma kimo kwenye lebo na usizidi mita tatu na nusu.

Sasa mahali. Mwaridi unataka jua la moja kwa moja si chini ya saa sita kwa siku. Ukiweza kuchagua, mpe jua la asubuhi, kwa sababu linakausha umande kwenye majani mapema, na hilo litatusaidia tukifika kwenye magonjwa. Fikiria pia pua yako. Harufu ya waridi hutoka kwa wingi hewa ikiwa na joto kiasi, imetulia na ina unyevu kidogo. Upepo mkali unaibeba kabla hujainusa. Kwa hiyo panda karibu na dirisha unalofungua, au kando ya mlango, au pale unapoweka kiti jioni. Ukiupanda kwenye kona ambayo hakuna anayepita, harufu yote inapotea bure. Jambo moja zaidi: kama mahali hapo palikuwa na mwaridi mwingine kwa miaka mingi, toa udongo ule wa zamani na ujaze mpya kutoka upande mwingine wa bustani. Mwaridi mpya ukiwekwa kwenye udongo uliochoshwa na mwaridi mwingine hudumaa.

Kabla ya kuchimba, funga waya. Ndiyo, kabla. Ukisubiri mpaka mti ukue utachomwa na miiba na utavunja machipukizi. Waya wa kwanza uwe sentimita 45 kutoka ardhini, kisha panda juu, kila baada ya sentimita 40 waya mwingine, zote zikilala sambamba na ardhi. Angalia hizi skrubu za kitanzi: nimeziacha zitokeze, waya ukae sentimita tano mbali na ukuta. Nafasi hiyo ni ya hewa kupita nyuma ya majani, na ni ya vidole vyako wakati wa kufunga. Kaza waya vizuri, maana matawi yaliyojaa maua yaliyolowa mvua yana uzito.

Twende kwenye shimo. Lisiwe kwenye miguu ya ukuta. Liwe sentimita 40 hivi kutoka ukutani. Udongo ulioshikana na ukuta hukaa mkavu hata mvua ikinyesha, na msingi huunyima mizizi nafasi. Chimba upana na kina cha nusu mita, lainisha udongo wa chini, kisha changanya ule uliotoa na ndoo moja ya mboji au samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Kama mche wako ni wa mizizi mitupu, uloweke kwenye maji saa moja au mbili kwanza. Kama uko kwenye chungu, mwagilia, utoe, na mizizi iliyojizungusha ifungue taratibu kwa vidole.

Nausogeza mche karibu na kamera uone hiki kifundo kinene juu ya mizizi. Hapa ndipo mwaridi ulipobebeshwa juu ya shina la mwaridi mwingine. Kwenye nchi za baridi kali, kifundo hiki kinafukiwa sentimita tano chini ya udongo ili barafu isikiue. Kwenye joto, kiache usawa wa udongo au juu yake kidogo. Sasa laza mche uelekee ukutani, kama nyuzi 45. Rudisha udongo, shindilia kwa mikono, mwaga maji lita 10 polepole. Malizia na matandazo ya majani makavu au maganda ya miti, unene wa sentimita tano hadi nane, lakini yasiguse shina.

Mwaka wa kwanza kazi yako kubwa ni maji. Mwagilia kwa kina mara moja au mbili kwa wiki pasipo mvua, chini kwenye udongo, si juu ya majani. Na usikate matawi makuu. Mwaridi unaotambaa unahitaji kwanza kujijengea matawi marefu, na ukiukata kama kichaka unaurudisha nyuma.

Haya, tumefika kwenye kulaza matawi. Tazama tawi hili, limefika mita moja na nusu na limesimama wima. Kwenye ncha yake kuna homoni inayoshuka na kuyazuia macho yote ya chini, yaani vile vinundu vya kuchipua, yasiamke. Ndiyo maana tawi wima huchanua kileleni tu. Nikilishika hivi, nikalilaza mpaka karibu na usawa wa waya, ncha haipo tena juu ya wenzake, na zuio lile linalegea. Kila jicho mgongoni mwa tawi linaamka, linatoa kitawi kifupi, na kitawi hicho ndicho kinachobeba ua. Tawi moja lililokuwa litoe shada moja juu, sasa linachanua urefu wake wote.

Fanya hivi tawi likiwa changa, lingali la kijani na linapinda. Anza na matawi ya nje, yalaze chini kabisa kushoto na kulia, halafu ya katikati yapande kidogo, mpaka mti utandaze vidole kama mkono uliofunguliwa. Tawi likigoma, usishindane nalo. Lifunge pale lilipokubali, rudi baada ya wiki moja, livute tena kidogo. Funga kwa kamba laini au utepe wa nguo kuukuu, na uipitishe mfano wa tarakimu nane: kitanzi kimoja kwenye waya, kimoja kwenye tawi. Acha nafasi ya kidole kuingia, kwa sababu tawi litanenepa. Kama una nguzo, zungusha matawi kuifuata kama ngazi ya mviringo. Matokeo ni yaleyale.

Maua yakianza kunyauka, kata shada pamoja na jani la kwanza au la pili lililokamilika chini yake. Mti ukiachiwa matunda hutulia, ukikatwa huchanua tena. Kisha mara moja kwa mwaka, wakati mti umepumzika, vile vitawi vya pembeni vilivyochanua vifupishe vibaki na macho mawili au matatu.

Magonjwa. Miwaridi ya manjano huugua madoa meusi kuliko ya rangi nyingine, na ina sababu. Rangi hii iliyokolea iliingia kwenye miwaridi ya bustani kupitia Joseph Pernet-Ducher wa Lyon, Ufaransa, aliyetoa 'Soleil d'Or' mwaka 1900 kutokana na mwaridi wa manjano wa Uajemi. Rangi ilikuja na udhaifu wa majani. Kuvu wa madoa meusi anahitaji jani lililolowa kwa saa kadhaa ndipo aingie, kwa hiyo jua la asubuhi, hewa nyuma ya waya na maji ya chini ndiyo kinga yako. Okota kila jani lenye doa, usiliache chini ya mti, wala usilitie kwenye mboji. Vidukari wanaong'ang'ania matumba wasukume kwa maji ya bomba, au wapake maji ya sabuni laini jioni.

Ukiona chipukizi linatoka chini ya kile kifundo, hilo ni la shina la chini, si la mwaridi wako. Fukua kidogo, lishike pale linapoanzia, lipasue kwa kulivuta. Ukilikata kwa mkasi litarudi na wenzake. Na kuanzia mwaka wa nne au wa tano, kila mwaka toa tawi kuu moja, lile kongwe lenye gome la kijivu, ulikate karibu na ardhi, kisha chagua chipukizi jipya lenye nguvu kutoka chini, ulilaze kwenye nafasi lililoiacha.